Madam Anakataa Dume

Jumapili, 27 Agosti 2006

Madam amekataa tena! Dume ya Wainaina imemzunguka mpaka ikachoka, na yeye amejikalia kwa kona kama mama mwenye nyumba. Wainaina anafuga sungura juu ya flat yao huko Ngara. Nilimbeba Madam kwa katoni nikavuka tao yote kutoka kwetu Jamhuri — jike ndiye anapelekwa kwa dume, ukileta dume kwake anaichapa. Wainaina alicheka sana. Ati sungura yangu ni bibi ya pastor.

Nikapitia cyber ya River Road kusoma kwa intaneti mbona anakataa. Jibu: AMENONA. Jike mnono hashiki mimba. Lakini mimi nampea nyasi na ngumi moja ya pumba tu! Unene anatoa wapi?

Jumanne, 29 Agosti

Nimejua. Ni Mum! Nimemshika asubuhi huko nyuma ya nyumba, karai ya pumba mkononi, na kipande ya chapati juu. Kaka yake, Uncle Kilonzo, anakuja Jumapili ya tarehe nane Oktoba kutoka Machakos kuona show ya kilimo, na ameshaahidiwa sungura.

Mimi namkondesha ndio azae, Mum anamnonesha ndio aliwe. Sungura moja!

Tumegombana. Mum anasema kitu haizai ni nyama. Nikamwambia mradi yangu yote ni huyo, bila yeye sina kitu. Nikalia kidogo, sijui kama aliona. Mwishowe amekubali: karai ataacha, lakini Uncle akifika kabla Madam hajazaa, sufuria.

Alhamisi, 7 Septemba

AMEKUBALI! Nimemrudisha kwa Wainaina: amekonda, amechangamka, hata hakungoja. Dume ikaanguka kando pu! kama imepigwa risasi. Wainaina akasema hiyo kuanguka ndio risiti. Niliruka mpaka mama aliyekuwa anaanika nguo akanigombesha.

Mimba ni mwezi. Inaangukia ile Jumapili Uncle anakuja. Ile ile! Mungu wangu.

Alhamisi, 21 Septemba

Nimemshika tumbo polepole, vile nilisoma. Kuna vitu kama bano, zile gololi za watoto. Ama ni mavi? Mavi pia ni kama bano! Nikamwita Mum ashike. Amekataa, ati hata yeye nikimshika tumbo nitapata bano.

Lakini hakuenda. Alisimama tu hapo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimemwekea sanduku ya kuzalia. Spika za show zinapiga kelele mpaka huku kwetu Jamhuri, hatulii. Nimefunika kizimba na leso. Jike akikaribia anang'oa manyoya ya kifua anatandika. Huyu hajang'oa hata moja. Anakula tu. Aki Madam!

Jumapili, 8 Oktoba

Asubuhi — hakuna. Mum amenoa kisu bila kuniangalia. Kanisani sikusikia neno.

Tumerudi. Nikafunua leso. Manyoya! Sanduku imejaa manyoya, na yanapumua! Nikapenyeza mkono. Saba! Macho imefungwa, ngozi tupu, moto kama mandazi imetoka kwa mafuta. Nikapiga nduru. Halafu nikakaa chini kwa matope na nguo ya kanisa.

Mum akaja mbio, kisu mkononi. Akaangalia. Akaangalia sana. Kisu akaificha nyuma ya mgongo, ni kama Madam angeiona.

"Na huyu sasa anakula nini?"

Nikamwambia anayenyonyesha hapimiwi, anakula mpaka atosheke.

"Hata pumba?"

Hata karai nzima, Mum. Alikuwa ameshaenda kuileta.

Naandika hapa kwa ngazi ya nyuma. Mum amechutama kwa kizimba, gauni yote pumba, anaongea polepole: kula mama, kula. Uncle Kilonzo amekaa mezani, ameshanawa mikono. Anamwita Mum mara ya pili, "Mama Mbithe! Hiyo ni sungura ama ni ndovu mnapika?"

Mum anamkatia Madam kipande ya chapati.