Koti la Phares

Bibi Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili limenikaa kooni na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Pumwani, hununua nguo kuukuu nikazifua, nikazitengeneza na kuziuza, na mwezi uliopita alinijia mjane wa mtaa wa Ziwani aitwaye Rispa, ambaye mumewe, Phares, aliyefanya kazi reli, alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu, akaniletea koti la sufu la tangu kabla ya vita, zito, lenye vifungo vya pembe, akasema, "Lichukue, dada, watoto hawali koti," nami nikalinunua, na kwa kuwa lilinuka tumbako na jasho nikalitia katika maji ya moto yenye magadi kama ninavyofua kitambaa cha pamba cha marekani, nikalisugua na kulianika juani, na lilipokauka lilikuwa limenywea hata lisimtoshe mtoto wa miaka saba, gumu kama ngozi.

Siku nne baadaye akabisha hodi mama mzee, Aoko, mamake Phares, ametoka Kisumu kwa treni na kufikia kwa Rispa, aliyemwelekeza kwangu. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa mgonjwa, sikuwahi kumzika. Koti hilo lilikuwa la baba yake kabla halijawa lake. Nipe nilinuse tu, halafu nitakurudishia."

Bibi, koti lilikuwa sandukuni, hatua mbili kutoka aliposimama, na ulimi wangu ukasema, "Pole, mama, limekwisha nunuliwa na mtu wa Machakos."

Akasema, "Afadhali. Lina mtu linayempa joto." Akanishukuru! Tangu siku hiyo kila alasiri huja kuketi barazani kwangu akiwatazama wapita njia waliovaa makoti, nami ndani nashona huku machozi yananidondoka juu ya kitambaa. Sasa nimeona sokoni koti linalofanana nalo sana. Je, nilinunue nimpe, niseme yule mtu amelirudisha? Au lile nilichome, yaishe?

Ni mimi, Lela, Pumwani

JIBU

Lela, usithubutu! Umpe mama koti la mtu mwingine alilie jasho la mgeni? Atalitambua kabla hujamaliza kulikunjua, na hapo utakuwa umemfisha mwanawe mara ya pili.

Pole, dada yangu. Kulinunua hukukosa, na kuliharibu ni ujinga wa kazi, si uovu. Lakini uongo uliuchagua mwenyewe, na kila alasiri unauchagua upya. Fundi mzima hujui kwamba sufu haitiwi maji ya moto? Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni laini, hukamuliwa kwa viganja bila kusokotwa, hukaushwa kivulini ikiwa imelazwa. Tena nguo ya marehemu usiifue kabla hujauliza kama ndugu zake wote wameiona. Harufu mnayoiita uchafu, pengine kuna mtu amepanda treni kuifuata.

Sasa fanya hivi. Usilifue tena wala usilivute kwa pasi, litachanika. Lipige brashi taratibu, lianike kivulini siku moja, ulifunge katika marekani safi, na karafuu chache kwenye kikopo cha kijaluba kando, nondo wasilifikie. Halafu mpelekee Aoko huko aliko, usingoje aje kwako. Mwambie: "Mama, nilikudanganya. Ni hili. Nimeliharibu kwa mikono yangu." Neno "lakini" lisikutoke. Rispa usimtaje kwa ubaya, alikuwa na vinywa vya kulisha. Akiuliza kuhusu harufu, mwambie imekwisha. Usimpe tumaini la uongo, umeshampa moja.

Atalia, Lela, na kilio hicho hukiwezi, usijaribu kukizima. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Asipokufukuza, keti chini kando yake.