Mbili Niliyoiacha

Jumatano, Nyamirambo

Utepe wa watu nimeuharibu wote, na wala sijaumia. Moyo umekufa ganzi tu.

Mteja aliniachia vipande viwili, sentimita sitini na thelathini na sita. Vyote vikatwe vipande vidogo vya urefu mmoja, mrefu iwezekanavyo, kisibaki kitu. Binti yangu Salma, mwenye mtihani wa hesabu kesho, akasema, "Mama, vunja kila moja kwa namba tasa." Akaenda dukani.

Nikavunja. Sitini: mbili, mbili, tatu, tano. Thelathini na sita: mbili, mbili, tatu, tatu. Nikachukua mbili na tatu zilizoko kotekote, nikazidisha, nikapata sita, nikakata.

Salma aliporudi akashika kichwa. "Yoo, Mama! Mbili ziko mbili kotekote, umeacha moja. Ilikuwa kumi na mbili!"

Mteja nitamweleza. Ninachoogopa ni kumchanganya mtoto na mtihani ndio huo.

Nikamwambia nimeelewa, akalale. Hakuamini. Akanipa kalamu. "Haya, mwalimu, nifundishe."

Nikaanza upya, polepole. Nilipoandika ile mbili ya pili, akapiga miayo, akaenda kulala.