Nani Alimfuata Mwenzake

Mamba, Mpimbwe

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo. Bibi yako anaanika mpunga, goti limepungua kuuma.

Video yako ya mazoezi ya onyesho nimeitazama mara nne. Unapiga zeze, na picha za samaki ukutani zinageuka kila unapogusa uzi. Unasema kompyuta inalisikiliza zeze, nayo ndiyo inayozigeuza. Hapo mimi sijaelewa kabisa. Halafu unaniuliza, "Babu, picha zinanifuata, au mimi ndiye ninayezifuata?" Swali hilo liliwahi kunipata.

Nikiwa kijana nilipiga ngoma kwenye sherehe ya mavuno pale Kibaoni. Msichana mmoja alikuwa anacheza, na kila nilipopiga, bega lake lilijibu. Nikajiona bwana mkubwa. Nikaongeza kasi ili achoke, watu wamcheke. Yeye akasimama katikati ya uwanja, akanitazama tu. Mikono yangu nayo ikasimama. Nikawa sijui pigo linalofuata ni lipi. Kisha akainua mguu polepole, akaushusha, na ngoma ikalia. Mpaka leo sikumbuki kuipiga.

Msichana huyo ndiye bibi yako. Jana nikamuuliza, "Siku ile nani alimfuata mwenzake?"

Akaacha kugeuza mpunga. "Miaka yote hii nilidhani wewe unajua!"

Basi mama, sasa tuko watatu tusiojua. Siku ya onyesho wewe piga hivyo hivyo.

Ni mimi babu yako,
Mzee Kalonga