Ridhaa ya Kalume Mangi

Muyeye,
Malindi.
14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Kalume,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumai u mzima huko Gaborone, wewe na wifi yangu Nelly, na kwamba baridi ya huko haijawaonea. Sisi hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu na amerudi kwenda kanisani kwa miguu. Mvua imetufaa mwaka huu. Mahindi ya Jilore yamefika kiunoni, na nyani wameshaanza kuyapigia hesabu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ulinikatiza kila nilipofungua kinywa. Karatasi haikatizwi.

Nianze mwanzo, maana wewe ulisikia mkia tu wa jambo. Bi Cherop ni mhariri anayekusanya makala za kilimo cha asili ziwe kitabu cha kusomwa shuleni. Aliipenda ile yako ya mbegu za mahindi zinazohifadhiwa uchagani, juu ya moshi wa jiko. Jarida lililoichapisha kwanza lilimjibu kwamba haki imebaki kwa mwandishi: apate ridhaa yake, na kitabu kiseme makala ilitoka kwao. Akakuandikia kwa anwani ya chuo ulichokihama, asijibiwe. Basi akafunga safari hadi Jilore, akauliza kwa Kalume Mangi.

Na kwetu wapajua. Babu ni Kalume wa Mangi, baba akawa Mangi wa Kalume, wewe ukarudi kuwa Kalume wa Mangi. Ukilitaja jina hilo Jilore, utapelekwa kwa mwenye mvi.

Babu aliulizwa kama ndiye, akasema ndiye. Hakusema uongo. Kisha akaingia ndani kuvaa koti.

Mama, aliyekuwapo, anasema mgeni aliuliza mbona mbegu za uchagani haziliwi na fukusi, na Babu akamweleza mpaka chai ikapoa. Bi Cherop alidhani amempata mwalimu mstaafu. Babu akaomba asomewe makala yote, kwa kuwa miwani yake, alidai, ilikuwa kwa fundi. Wewe na mimi twajua hajawahi kuwa na miwani.

Walipofika pale ulipoandika "mzee mmoja wa Jilore aliniambia," Babu aliinua mkono. Akauliza, "Mzee yupi huyo?" Bi Cherop akacheka, akamwambia, "Si wewe ndiye unajua, mzee? Ni wewe uliandika." Babu akasema, "Huyo ni mimi." Mgeni hakuelewa, akaendelea kusoma.

Ilipofika zamu ya kutia sahihi, Babu aliomba wino wa kidole gumba. Hapo ndipo Bi Cherop aliposhtuka, na Mama akalazimika kueleza kwamba Makalume ni wawili. Mgeni alirudisha karatasi mkobani kwa adabu, akachukua nambari yangu, na mimi nikampa yako. Yaliyofuata unayajua, maana uliyasema wewe, na kwa sauti kubwa.

Hasira yako naielewa. Makala ni jasho lako, na mtu mwingine kuitolea ridhaa si jambo la kuchekea, ingawa mimi nilicheka. Lakini kusema kwamba sasa hutoi ridhaa kabisa, kwa kuwa mzee amekufanya kichekesho, hapo umenishangaza. Umle ng'ombe mzima halafu mkia ukushinde? Wewe uliyeandika yote hayo, washindwa na sahihi.

Kitabu kinafungwa mwisho wa mwezi. Bila sahihi yako, makala itabaki kule jaridani, ambako huku kwetu hakuna aisomaye. Nilimuuliza Bi Cherop kama inaruhusiwa kuongeza neno. Alisema makala yenyewe haiguswi, ila mwandishi anaweza kuweka mstari wa shukrani mwanzoni. Haki ni yako peke yako. Hata mimi, dadako, siwezi kukuwekea mstari huo.

Babu hajaomba radhi wala hana mpango huo. Majirani ameshawatangazia kwamba yumo kitabuni, na kila atokaye mjini huulizwa kama kitabu kimefika. Jambo hilo linanihuzunisha, nakwambia wazi, kwa sababu ukikataa ni mimi nitakayetumwa kumwambia.

Mama anakusalimu na anauliza mtakuja lini. Shangazi Kabibi anasema asante kwa kitenge, ingawa alitaka cha kijani. Mulungu awalinde na awape riziki isiyo na ugomvi.

Nilipokuwa naondoka Jilore Jumapili, Babu alinisindikiza hadi barabarani, na alinipa ujumbe wako. Nauandika kama alivyousema: "Mwambie somo yangu, jina nilimpa zima, na sikumtaka sahihi. Sasa naomba aniazime, mara moja tu, pale palipoandikwa mzee mmoja."

Ni mimi dadako nikupendaye, hata ukinuna,

Everlyne Kanze