Haraka ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua tu. Nikisema tuko salama nitakuwa nakudanganya.

Ile kompyuta uliyomfungia Baba imsemee, baada ya operesheni ya koo kumnyang'anya sauti, ilianza kuganda. Anaandika, inatamka nusu ya neno, halafu kimya. Juzi ikagoma kuwaka kabisa. Baba akageukia ukutani. Chakula hagusi, na nikimwuliza kitu, hata kichwa hatikisi. Kaka, nyumba imekuwa kama ina msiba.

Fundi wa mtaani alisema RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, imekufa. Sikukubali. Nikafungua kasha mwenyewe, nikachomoa ile betri ndogo ya mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ili mashine isahau mipangilio yote, nikairudisha. Ikawaka! Nililia kama mtoto.

Baba hakufurahi. Aliandika kwamba mharibifu ni yeye. Aliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, akapandisha mwendo wa saa yake ya ndani, akapunguza na muda ambao RAM husubiri kabla ya kujibu. Nilifoka, Mungu anisamehe. Akajitetea kwamba utani wake hutamkwa watu wameshamaliza kucheka, naye anataka kudakia maneno kama zamani.

Nikamweleza taratibu kwamba saa ndiyo inayopiga mdundo, na RAM ikilazimishwa kujibu kabla haijawa tayari, inakosea na mashine nzima inaganda. Nikamsihi avumilie mwendo wa kawaida wa mashine. Akaandika, na ile sauti ya kompyuta ikatamka bila haraka yoyote: "Mwanangu, muda wa kuvumilia mimi sina."

Ndipo akaniandikia kwamba ugonjwa umerudi, Kaka. Daktari alimwambia mimi nikiwa dirishani nasubiri dawa. Hakuna cha kukata tena. Nilimwuliza ana haraka ya kusema nini. Akaandika jina lako, akalifuta. Kisha akanikataza kukuambia mpaka mkataba wako wa kazi uishe. Nikaitikia ndiyo, nikaja moja kwa moja jikoni kuandika barua hii.

Usitume mashine mpya. Njoo wewe. Vidole vyake bado vinamtii, lakini vimeanza kuchoka.

Msalimie sana wifi, uwabusu watoto. Baba hakusalimu, kwa kuwa hajui kama nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba