Hatua ya Kumi na Mbili

Baba, shikamoo.

Siwezi kuanza bila kukuamkia, hata kama marahaba yako siisikii tena. Leo ni Jumapili mchana, nimefunga kibanda cha simu, na Mama bado yuko kanisani na wenzake wa kwaya. Nyumba imetulia, na nina jambo la kukuambia ambalo nimelikimbia tangu tukuzike.

Kwanza habari za nyumbani. Kaburi limejengewa. Koti lako la mvua amelichukua Baba mdogo Yona. Siku ya kugawa vitu hakutaka kingine. Linamfika magotini, ungemcheka. Mizinga yako ya nyuki anaitunza yeye. Mama anakula vizuri, ila bado anasonga ugali wa watu watatu, na mimi namalizia wako. Mvua zimechelewa Itigi yote.

Na gemu yetu imetoka sehemu ya pili, Baba. Ile uliyokuwa ukiniuliza kila wiki, "Hiyo ya pili bado tu?" Imekuja. Ile ya kwanza ilikuwa na hatua za kupita walizojenga wenye gemu wenyewe, na kule nyuma kabisa wakaweka kona ndogo ya mchezaji kujenga za kwake. Hii ya pili wameichukua ile kona wakaifanya gemu nzima. Unafungua, unakuta hatua zilizojengwa na watu wa kila nchi, unachagua unaingia. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema kwa sauti, "Baba, njoo uone," halafu nikakaa chini, nikalia.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulianguka mtini ukipandisha mzinga, ukarudi mguu umefungwa hogo la plasta, na wiki ya kwanza ulitugombeza sote pamoja na kuku. Nikakuletea ile mashine ya gemu kutoka kibandani ili tupumue. Vidole vyako vilikuwa vinene mno kwa ile pedi ya kuchezea, unabonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Kucheza hatua za wengine kulikuchosha upesi. Ulipogundua kwamba mtu anaweza kujenga yake, ndipo ulipotulia. Ulijenga kumi na moja. Gemu haikubali kurusha mtandaoni hatua ambayo mwenyewe aliyeijenga hajaipita mpaka mwisho, na sharti hilo ulilisifu sana, ukasema hawa watu wana adabu. Na kila ulipoona idadi ya waliotumbukia kwenye mashimo yako uliiambia luninga, "Poleni jamani."

Halafu kikaja kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakawa yanatoka nusunusu. Chumvi uliiita jembe, mimi uliniita kwa jina la shangazi. Watu walikuja kukuona wakatoka wakitikisa vichwa, wakisema akili imeshaondoka. Na mimi nilisema hivyohivyo, Baba.

Baada ya mazishi nilifungua mashine nikaikuta hatua ya kumi na mbili. Ulikuwa umeijenga katika wiki zile za mwisho, kwa mkono wa kushoto, na hukuwa umeipita. Nikasema nitaipita mimi kwa niaba yako. Nikaingia. Yule mtu wa gemu anasimama mbele ya nyumba ya udongo, anakwenda hatua chache upande wa kulia, anakutana na ukuta wa nyuki kutoka ardhini hadi juu ya picha. Hakuna pa kurukia, hakuna pa kupenya. Nilihangaika nayo miezi minne. Kila mara yule mtu alipokufa nilijiambia kwamba basi ni kweli, kichwa kilishaondoka, kwa sababu Baba ninayemjua hawezi kuwajengea watu njia isiyopitika. Iliniuma kuitazama. Niliona nautazama ugonjwa wako umechorwa.

Mwezi huu wenye gemu wakatangaza kwamba kazi za ile ya kwanza zinaweza kuhamia kwenye hii ya pili, mwisho wa mwezi wanafunga, na zinahama zile tu zilizokwisha kupitwa. Zako kumi na moja zimehama. Hiyo moja ingebaki kule ifutwe. Basi wiki iliyopita nikafanya kitu ninachokionea aibu. Nilitoa nakala yake, nikawaondoa nyuki wote, nikapita. Ikabaki njia tupu iliyonyooka, haina ladha. Nilikusudia kuirusha hivyo kwa jina lako, ili watu waamini ulikuwa mzima mpaka mwisho. Mimi mwenyewe sikuwa naamini.

Jana Baba mdogo alileta asali akanikuta mbele ya luninga. Nikamwonyesha kwanza ile yenye nyuki, nikamwambia tazama ugonjwa ulivyomfanya. Unamjua, hajawahi kugusa pedi maishani mwake. Alisimama na ndoo mkononi, akaitazama ile nyumba, akaitazama miti. Kisha akauliza, "Mbona unatokea mbele ya nyumba? Kaka hajawahi kwenda mizingani kwa mbele."

Nilimwambia gemu zote zinakwenda kulia. Akasema hayo ya gemu hayajui, ila wao wawili tangu vijana walikuwa wakizunguka nyuma ya nyumba kwanza, wanakwenda kinyume kabisa na iliko mizinga, ili wezi wa asali wakifuata nyayo wapotelee mbali. Kwa hiyo nikamgeuza yule mtu kushoto. Kwa miezi minne sikuwa nimewahi kumgeuza, maana nyumba umeiweka mwanzoni kabisa mwa picha na nilidhani nyuma yake hakuna kitu. Akapita nyuma ya nyumba. Picha ikafunguka.

Baba mdogo akaweka ndoo chini. Akawa ananitajia njia kabla sijaiona: sasa utashuka korongo, na korongo likaja. Sasa utaikuta reli, usiivuke, ifuate. Reli ikaja. Mimi hukuwahi kunipeleka mizingani, ulisema siri ya njia haina mtoto, na jana ndiyo mara ya kwanza nimeipita, wewe umeijenga na mdogo wako ananielekeza. Nilikufa mara nyingi, hasa pale kwenye miiba, hapo ulizidisha. Jioni tukatokea upande wa pili wa ule ukuta wa nyuki, mwisho kabisa wa hatua. Mizinga saba imening'inia, kila mmoja kwenye mti wake. Baba mdogo alivua kofia, akasema, "Hajasahau hata mti mmoja."

Sasa nije kwenye lile jambo.

Siku ile nilipokukuta kitandani umeishika pedi kifuani, unabonyeza kwa mkono wa kushoto, jirani alikuwa amekuja kukujulia hali. Nikakunyang'anya. Ukaninyooshea mkono, ukajaribu kusema kitu, na mimi nikamwambia yule jirani mbele yako, "Haelewi huyu, anabonyezabonyeza tu." Nikaiweka pedi juu ya kabati, usipofika. Ulinitazama, halafu ukageukia ukutani, na hukuiomba tena mpaka ulipofariki. Sasa najua ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa umemaliza kujenga, na ulitaka kuipita.

Nisamehe, Baba. Nilisema huelewi, na ulikuwa umelala pale pale unanisikia.

Ile niliyoiharibu nimeifuta. Leo asubuhi nimeirusha ya kwako, na nyuki wake wote, kwa jina lako. Watu wameshaanza kuingia. Wanakwenda kulia, wanagonga nyuki, wanarudi mwanzo, wanagonga tena. Wawili wameandika kwamba haipitiki, na wa tatu ameandika kwamba aliyeijenga lazima alikuwa amechanganyikiwa. Baba mdogo amenikataza kabisa kuwaambia njia.

Pumzika, Baba. Mama nitamtunza, na ugali wako nitaendelea kuumaliza. Na ninakuahidi hili: kila atakayeandika hivyo nitamjibu, mmoja mmoja, hata wakifika mia. Yule wa tatu nimeshamjibu. Nimemwandikia kwamba nilikuwa namuuguza mimi mwenyewe, na alikuwa anaelewa kila kitu.

Mwanao,
Rahel