Sufuria Nyeusi ya Mama Zawadi

Mujukuu wangu Gloire,

Huku Himbi tunakusalimia wote. Dada yako amejifungua mutoto mwanamuke. Umeniuliza kwa nini kile kioo cha jua cha masomo yenu hakichemshi maji.

Tulipokimbia vita kutoka Kalengera, kambini tulipewa kioo kama hicho, cha kukusanya jua kwenye sufuria. Maji mabichi yalikuwa yanaua watu, na mudogo wangu Riziki alikuwa mugonjwa. Mama alipangusa vumbi, akageuza kioo kufuata jua, akaweka sufuria aliyoisugua mpaka ikang'aa. Maji yalibaki vuguvugu.

Kesho yake jirani, Mama Zawadi, akaweka palepale sufuria yake yenye masizi. Maji yakatokota, na chini hakuna moto. Tulirudi nyuma kwa woga.

"Umetia nini?" mama akauliza.

"Maji tu. Hata sikuisugua, sabuni iliniisha."

Mama alishika kichwa. Sufuria yake iliyong'aa ilikuwa inarudisha jua. Ile nyeusi ililimeza. Maisha yote alikuwa anaona haya kwa sufuria chafu. Akaipaka yake masizi mbele ya wamama wote.

Riziki alikunywa maji yaliyochemka, akapona. Ndiye huyo koko mwingine, bibi yako, aliyekufundisha kutembea.

Mungu akulinde huko uliko.

Koko wako